Neno Moja Katika Faili Saba

Machi 2

Msimamizi wangu ameniagiza niandike kila siku nimegusa faili gani na nimefanya nini ndani yake. "Mistari miwili tu, Mwalimu," alisema, "siyo hotuba." Ananijua. Nilimfundisha darasa la sita na la saba, na hata leo, yeye akiwa daktari wa falsafa na mimi mwanafunzi wake wa miaka sitini na saba, hajaweza kuniita vingine. Mimi namwita Daktari.

Basi nianze vizuri. Tasnifu yangu inahusu maneno ambayo walimu huwaandikia wazazi mwisho wa muhula, ule mstari mmoja chini ya alama: "Mtoto huyu ana akili lakini anaota mchana." Kwa miaka sita nimezunguka nyumba za watu na kunakili ripoti mia tatu na kumi na mbili, za miongo mitano. Ninachodai ni hiki: walimu wa zamani waliandika "mtoto huyu", wa baadaye wakaandika "mwanafunzi huyu", na neno lilipobadilika, namna ya kumtazama yule aliyekaa kwenye dawati ilibadilika pia.

Usajili wangu unaisha Mei 31. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Hakuna mara ya tatu.

Mvua imeanza leo. Nimefungua folda ya tasnifu na kuhesabu faili arobaini na saba.

Machi 3

Majina ya faili, kwa kumbukumbu: Sura ya nne. Sura ya nne mpya. Sura ya nne mpya kabisa. Sura ya nne ya mwisho. Sura ya nne ya mwisho kweli. Sura ya nne hii hapa. Mke wangu aliposikia nikiyasoma kwa sauti alisema yanafanana na watoto wa jirani, kila mmoja anadai yeye ndiye mkubwa.

Machi 5

Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka kumi na tisa. Ofisi chafu siivumilii. Leo nimesoma faili zote, nikachagua iliyo bora ya kila sura, na zilizobaki nimezifuta. Sasa ninazo nane: sura saba, na ya nane ni viambatisho, ambamo nimeweka maneno ya walimu kama walivyoyaandika. Kila moja ina namba mbele ili zijipange zenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiweke kila kitu katika faili moja. Kompyuta yangu ni ya zamani. Ikifika ukurasa wa mia mbili huanza kufikiri, na nikiandika herufi naisubiri itokee kama mtu anayesubiri chai kwa mkwe.

Nikisema mkwe, wetu tunaishi naye. Ni mke wa mwanangu. Mume wake anafanya kazi mbali, yeye ni karani wa masijala katika ofisi ya wilaya. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni makavu. Aliponiona nafuta alisimama mlangoni.

"Baba, hizo unazifuta kabisa?"

"Kabisa. Takataka haitunzwi."

"Sisi masijala hatuchani karatasi mpaka ipite miaka saba."

"Ndiyo maana hampati faili ya mtu mpaka ipite miaka saba."

Akasema, "Sawa," akaenda zake. Huyo ndiye mkwe wangu. Sawa.

Machi 9

Mvua. Tanbihi za sura ya pili.

Machi 15

Nimehamisha maneno yote ya walimu kutoka viambatisho na kuyapanga ndani ya majedwali ya sura ya nne na ya tano, ili msomaji asifunue mbele na nyuma. Faili ya nane imebaki tupu, nimeifuta. Saba ni namba nzuri.

Machi 16

Umeme haukuwepo.

Machi 21

Kikao na Daktari. Ofisi yake inavuja kwenye kona na ameweka ndoo ya rangi. Alisoma kurasa ishirini nikiwa nimekaa mbele yake, mikono magotini, nikajua sasa wanafunzi wangu walivyokuwa wakijisikia.

"Mwalimu, hapa unasema mtoto, mstari unaofuata unasema mwanafunzi. Ni mtu mmoja au wawili?"

"Mmoja."

"Basi chagua neno moja kwa maelezo yako, ubadilishe kote. Watahini wakiona maneno mawili watatafuta tofauti ambayo hujaiweka."

Ni kweli. Nilikuwa nikimwambia hivyohivyo kuhusu insha zake.

Machi 22

Nimechagua "mwanafunzi". Programu ya kuandikia ina sehemu ya kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Unaweza kuthibitisha moja moja, au kubofya "badilisha zote" na kazi ikaisha kwa pumzi moja. Sura tatu za kwanza nilithibitisha moja moja. Ilinichukua asubuhi nzima na jicho likaanza kulia. Nikajiambia, maneno ya walimu yako katika viambatisho, hayaguswi, sura hizi nyingine ni maelezo yangu tu. Nikabofya zote. Sura ya nne: mabadiliko mia nne na sita. Ya tano: mia mbili themanini. Nikapiga makofi peke yangu.

Nimefuta zile za zamani kwenye flashi na kunakili faili zote upya, ili nakala zilingane.

Machi 29

Jedwali la yaliyomo.

Aprili 3

Namba za kurasa zinaanza upya kila sura. Nimerekebisha. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Aprili 11

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Mkwe alikuwa ananisomea makosa ya chapa, kwa kuwa macho yangu huchoka. Tulikuwa mezani, mke wangu akichambua mchele. Mkwe alisimama kwenye sura ya nne.

"Baba, mwanafunzi wa meza ni nani?"

"Nani?"

"Hapa. 'Ripoti hii ilitunzwa katika mwanafunzi wa meza kwa miaka thelathini.'"

Mke wangu aliacha mchele. "Mtoto wa meza, jamani! Kumbe amempeleka shule." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Na lile jicho lako ulilopasuliwa hospitali, walikutoa mwanafunzi wa jicho?"

Nami nilicheka. Hata mkwe alicheka, na sikumbuki kumwona akicheka kabla ya leo. Nikawaeleza: neno "mtoto" liko ndani ya majina ya vitu vingine, mashine haijui kitu na mtu, inaona herufi tano tu. Nilikuwa katikati ya maelezo hayo. Kisha nikauliza hilo la meza limeandikwa wapi hasa.

"Ndani ya jedwali," alisema mkwe. "Pembeni ya maneno ya mwalimu."

"Nisomee maneno ya mwalimu."

"'Mwanafunzi huyu ana akili lakini anaota mchana.'"

Mwalimu yule hakuandika hivyo. Ninaikumbuka hiyo kwa sababu niliipenda, niliiweka hapa katika shajara siku ya kwanza. Nilimwomba asome inayofuata, na inayofuata. Mwanafunzi, mwanafunzi, mwanafunzi. Ripoti za muongo wa kwanza, za walimu waliokwisha kufa, zote zinasema mwanafunzi.

Machi 15 niliyahamisha maneno ya walimu kutoka viambatisho. Machi 22 nilikuwa nimesahau. Nimeandika yote mawili kwa mkono wangu, kurasa chache nyuma.

Mke wangu aliuliza, "Si urudishe tu?" Nilimwambia siwezi, akasema kwani kuna ugumu gani, nikatoka nje nikasimama kibarazani.

Aprili 12

Kwa nini siwezi kurudisha. Katika ripoti zile mia tatu na kumi na mbili, walimu wengine waliandika "mtoto" na wengine "mwanafunzi". Tofauti hiyo ndiyo tasnifu. Sasa zote zimekuwa kitu kimoja na sijui ipi ilikuwa ipi. Ingekuwa nimebadilisha "mtoto" kuwa "kichwa", sarufi ingenisaidia, ningekuta "kichwa huyu" na kila mtu angeona kidonda kilipo. Lakini mtoto na mwanafunzi ni wa ngeli moja. Mtoto huyu, mwanafunzi huyu. Mtoto wake mzuri, mwanafunzi wake mzuri. Hakuna kiambishi kilichopinda. Nilifundisha ngeli maisha yangu yote, sikujua kwamba zinaweza kumficha mtu hivi.

Flashi ina faili zilezile, maana nilitaka zilingane. Zile za zamani nilizifuta. Daktari husoma kwenye kompyuta yangu, hana nakala. Na daftari sikuwa nalo, wala picha. Nilikuwa nachapa moja kwa moja nikiwa kwa watu, na nilijisifu kwa hilo: nakala moja, makosa machache.

Aprili 14

Fundi wa kompyuta amefufua faili mbili nilizofuta. Zimejaa vijisanduku vitupu na alama za mshangao. Katika moja nilisoma "huyu" mara tisa, bila kilichotangulia.

Aprili 16

Ripoti zenyewe zipo, au zilikuwepo, katika nyumba za watu. Hawakunipa nibaki nazo, na sikuwalaumu. Siku arobaini na tano. Nyumba mia moja na nne.

Nilikuwa nimekaa na orodha hiyo mkwe aliporudi kazini. Aliivuta, akaisoma, akachukua rula na kuchora mistari: nyumba, ripoti ngapi, imeonwa lini, neno ni lipi, nani ameliona. Safu ya mwisho ilikuwa ya saini.

"Nimeomba likizo yangu," alisema. "Siku ishirini na nane."

"Hiyo ilikuwa ya kwenda kwa mumeo."

"Nimeongea naye."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Nimejifunza leo kwamba neno hilo lina maana zaidi ya nilizokuwa nikizihesabu.

Aprili 20

Nyumba sita. Tope mpaka vifundoni.

Aprili 22

Mshonaji ana ripoti zake zote saba, zimefungwa kwa uzi. Nne mtoto, tatu mwanafunzi, na mwalimu ni yuleyule. Nilimwuliza kama anakumbuka kwa nini. "Aliniita mtoto nilipofaulu," alisema. Nikaandika. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Aprili 25

Nyumba tano, tatu zimehamwa.

Mei 1

Mama mmoja alikataa kufungua mlango wa chumba. "Ulisema mara moja tu, Mwalimu. Nikakuamini. Sasa umekuja na askari." Askari ni mkwe wangu na rula yake. Mkwe alimwambia, "Mama, amezipoteza. Anaona haya kukwambia." Kisha yule mama akaenda akaleta.

Ningemweleza kwa nusu saa na asingefungua.

Mei 4

Shida iko muongo wa tatu. Miaka hiyo ripoti ziliacha kuandikwa kwenye madaftari zikawa kadi nyembamba. Kadi hizo zimeliwa na mchwa, zimelowa, zimewashiwa jiko. Nilikuwa na sitini na moja. Mpaka leo nimeziona tena tano. Na muongo wa tatu ndio sura ya tano nzima, kurasa sitini na mbili, jinsi neno moja linavyoondoka na jingine linavyoingia. Ndiyo sura pekee ambayo Daktari aliandika pembeni: Safi.

Mei 8

Nitaandika na hili.

Mkwe alikuwa ametoka. Nilifungua sura ya tano. Nilijiambia kwamba nimeishi na ripoti hizi miaka sita, zimo kichwani mwangu. Ya mwalimu wa hesabu aliyekuwa mkali, hiyo lazima ilikuwa mwanafunzi. Ya yule mwalimu wa kike wa darasa la pili, mtoto, angeandika nini kingine? Nikaanza kurudisha. Moja, mbili, kumi. Kufikia saa tisa nilikuwa nimerudisha hamsini na sita, na zilipangika vizuri ajabu. Mwanzo wa muongo mtoto, mwisho mwanafunzi, mteremko laini kama nilioupiga kwa rula. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza.

Mkwe alirudi, akaona, akaanza kulinganisha na orodha yake. Safu ya saini ilikuwa tupu mara hamsini na sita.

"Baba, hizi umeziona kwenye kadi, au umezijua tu?"

Nilimwambia kwamba yeye ni karani wa masijala, haya ni mambo ya utafiti. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Alisema, "Sawa," akaenda kuanua nguo kabla mvua haijarudi.

Nilizisoma tena. Mteremko ule ulikuwa laini kwa sababu niliutengeneza. Nilikuwa nimechukua dai langu nikalitumia kutengeneza ushahidi, kisha nikawa tayari kuutumia ushahidi huo kuthibitisha dai. Nimewahi kumwandikia mwalimu barua ya onyo kwa kujaza alama za mtihani ambao watoto hawakuufanya. Aliniambia, "Lakini nawajua, mkaguzi." Nilimjibu vikali sana.

Nimefunga faili bila kuhifadhi. Nimeenda kumwomba mkwe radhi. Alikuwa na vibanio vitatu mdomoni, hakuweza kujibu, akanipa ncha moja ya shuka nimsaidie kukunja.

Mei 13

Mke wangu: "Hivi nani angejua?" Nikasema mkwe. Akasema, "Huyo hata akijua hasemi." Nikasema ndiyo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Akasema basi lete hizo sahani.

Mei 16

Nyumba ya mwisho. Hakuna kitu. Kaka wa mwenye ripoti alisema alichoma kila kitu baada ya mazishi.

Mei 17

Hesabu. Ripoti zilizoonwa tena: mia moja themanini na saba. Zisizopatikana: mia moja ishirini na tano. Muongo wa tatu: tisa.

Mei 20

Nimemwambia Daktari. Sikuwa nimemwambia mpaka leo, na hilo pia ni kosa. Alisikiliza mpaka mwisho. Ndoo ya rangi ilikuwa imejaa, akainuka akaimwaga dirishani, akarudi akakaa.

"Kwa ripoti tisa huwezi kusema lolote kuhusu muongo mzima, Mwalimu."

"Najua."

"Sura ya tano inaondoka."

"Najua."

"Na ukiandika wazi kilichotokea, watahini watakukamata palepale. Wanaweza kuirudisha yote. Na ikirudi baada ya Mei, hutaweza kuiwasilisha tena."

"Je, nisiandike?"

"Nakuuliza kama msimamizi," alisema. "Unataka shahada, au unataka nini?"

Nilimwambia nataka shahada. Nimeitaka tangu kabla hajajua kusoma. Nilimwambia pia kwamba wale walimu waliandika mstari mmoja tu kila mmoja, ndilo neno lao pekee lililobaki duniani, na mimi nimeyafuta mia moja ishirini na tano. Siwezi kuwawekea mengine mdomoni.

"Basi andika," alisema. "Kwa ufupi. Siyo hotuba."

Mei 24

Nimeondoa sura ya tano. Sura zilizofuata zinashuka namba, na kila mahali palipoandikwa "taz. sura ya tano" panageuka uongo. Nimepata thelathini na nne. Nimethibitisha moja moja.

Mei 26

Jambo la mshonaji limenipa kurasa kumi na moja mpya. Katika ripoti mia moja themanini na saba za kweli, neno halifuati miaka tu, linafuata pia kama mwalimu amefurahi. Dai langu la zamani lilikuwa rahisi mno. Sijui kama niseme nimefurahi.

Mei 28

Mvua inapungua. Mkwe amerudi kazini. Orodha yake ameniachia, ina saini mia moja themanini na saba, zetu wawili.

Mei 31

Asubuhi nilimpelekea Daktari nakala iliyochapwa ili atie saini. Alifungua moja kwa moja ukurasa wa sitini na moja, penye ile aya. Nilikuwa nimeandika kwamba ushahidi uliharibika kutokana na kosa langu katika kupanga faili na kubadilisha neno, na kwamba ripoti zisizothibitika zimeachwa.

Akasoma. Akachukua kalamu.

"Hapa pana kosa la sarufi."

"Wapi?"

"Kimilikishi. Umeandika langu."

"Kosa ni ngeli ya li na ya. Kosa langu. Ni sahihi."

"Ni umoja, Mwalimu. Waliokosea walikuwa wawili. Nani alisema ubadilishe kote?"

"Ulisema maelezo yangu. Hukusema nibofye zote."

"Nilijua maneno ya walimu yamo humo. Niliyaona kwenye majedwali siku ileile, nikasema kote." Alikwisha kukata neno na kuandika juu yake: letu.

Nilimwambia watamuuliza. Kuna kamati, kuna kupandishwa cheo kwake mwaka huu. "Waniulize," alisema, na akatia saini ukurasa wa mbele kwa nguvu mpaka karatasi ikabonyea.

Ofisi ya shahada za juu haipokei ukurasa uliokatwa kwa kalamu. Nilirudi nyumbani, nikafungua faili ya sura ya tatu, nikabadilisha neno hilo moja kwa mkono, nikaenda dukani kuchapisha ukurasa. Saa tisa na nusu nilikuwa dirishani.

Karani wa pale alivuta fomu yangu ya kuongezewa muda, ile niliyojaza mwaka jana, akaanza kulinganisha.

"Mzee, hapa inasema ripoti mia tatu na kumi na mbili. Kwenye muhtasari wako ni nyingine. Nikiandika tofauti, inaenda kwa watahini na alama nyekundu. Niache hii ya zamani? Wengi hawasomi."

Nyuma yangu palikuwa na vijana wawili na bahasha zao, wanasubiri.

"Ukurasa wa sitini na moja umeeleza," nilimwambia.

"Sijauliza kuhusu ukurasa. Nauliza niandike ngapi."

"Mia moja themanini na saba."

Akaikata ya zamani kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake, akachukua kalamu nyekundu akaweka alama. Kisha akagonga muhuri na kunyoosha mkono kupokea bahasha ya anayefuata.